STIMA HAIFI KWA UZEE, HUFA KWA UZEMBE



Juma lililopita, katika mkutano wa tawi letu hapa Mungaa, nilisimama kusema habari za stima na boila. Sijamaliza hata maneno kumi, mzee mmoja akainua fimbo yake akaniuliza, "Mwalimu, Mungaa na stima wapi na wapi? Hapa hatuna ziwa la kuelea hata mtumbwi. Sisi tuna ng'ombe, uwele, alizeti na vitunguu. Tuambie habari za mashine ya alizeti iliyokufa, na hizo za stima waachie watu wa Kigoma."

Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini niliporudi nyumbani niliona kuwa mzee yule amenipa hotuba yangu tayari. Maana mashine yetu ya alizeti na stima ya Kigoma ugonjwa wao ni mmoja, na dawa yao ni moja. Leo namjibu kwa maandishi, ili na wengine wasome.

Kwanza tuitazame mashine yetu wenyewe. Kikundi cha wakulima kilichanga fedha, wengine wakauza mbuzi, mashine ikanunuliwa. Siku ya kufungua palikuwa na ngoma, hotuba na utepe. Kila mtu alitaka kupigwa picha karibu nayo. Lakini tangu siku ile hakuna aliyeulizwa swali hili dogo: nani atabadili mafuta ya injini, siku gani, kwa fedha ya fungu gani? Mafuta yakawa meusi kama lami. Kijana aliyeiendesha aliposema, "Jamani, injini yalia vibaya," aliambiwa, "Wewe kaza tu, wateja wamepanga mstari." Mwisho injini ikakwama, haizunguki mbele wala nyuma. Leo kuku wanatagia chini yake, na akina mama wanapakia alizeti juu ya punda kuipeleka kijiji cha mbali. Ukiuliza utaambiwa ati mashine ilikuwa imezeeka. Imezeeka kwa miaka mitatu! Ndugu zangu, tusidanganyane. Mashine ile haikuzeeka. Tuliiua sisi.

Sasa sikilizeni habari za stima iliyokataa kufa.

Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli katika karakana ya Meyer, mji wa Papenburg. Walipokwisha kuiunda waliifungua tena vipande vipande, wakavitia katika masanduku kama 5,000, wakaipakia mpaka Dar es Salaam. Kutoka hapo masanduku yalipanda gari moshi kwenda Kigoma, katika reli iliyoanza kujengwa mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Mzee wangu wa fimbo, reli hiyo yapita Manyoni na Itigi, ndani ya mkoa wetu huu wa Singida. Boila na injini za stima ile zilipita kwetu kabla ya kuliona Ziwa Tanganyika. Basi usiseme stima haituhusu.

Huko Kigoma fundi Anton Rüter na wenzake wawili kutoka Papenburg, pamoja na wafanyakazi wa Kiafrika na wa Kihindi, waliiunga upya, na mwezi wa Februari 1915 ikashushwa majini. Iliitwa Graf von Götzen, kwa jina la gavana wao. Urefu wake ni zaidi ya mita 70, nayo iliendeshwa kwa injini mbili za mvuke. Kazi waliyoipa wakati huo ilikuwa ya vita, vita ya wakubwa wa Ulaya iliyopiganwa juu ya mgongo wetu. Mwaka 1916 walipoona wanashindwa waliamua kuizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi, tarehe 26 Julai, isiingie mikononi mwa adui.

Hapa ndipo ninapotaka msome polepole. Kabla ya kuizamisha, mafundi wale walizipaka injini grisi nzito. Walikuwa wanashindwa vita. Walikuwa wanaitosa meli yao wenyewe. Hata hivyo hawakukubali kuiacha mitambo iliwe na kutu. Wabelgiji waliiinua baada ya vita, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa, na walipofungua mitambo waliona injini na boila zingali zafaa kazi. Tarehe 16 Mei 1927 stima ikarudi kazini kwa jina jipya, Liemba. Ikapakia abiria, dagaa na mahindi kwa nguvu za mvuke zaidi ya miaka 40, hata miaka ya 1970 ilipofungwa injini za dizeli.

Sisemi haya kuwasifu wakoloni. Grisi ile hawakuipaka kwa ajili yetu. Waliipaka kwa sababu walitumaini kurudi kututawala. Lakini aibu ni yetu. Ikiwa mtu aliyekuja kunyang'anya aliweza kuitunza mashine hata siku ya kuizika, mbona sisi wenye mali tunashindwa kuitunza siku ambayo yatufanyia kazi?

Na kama mtu adhani kuwa stima ile ilibaki pambo, akumbuke mwezi wa Mei 2015. Maelfu ya ndugu zetu wa Burundi walikimbia machafuko wakajazana kando ya ziwa, katika kijiji cha Kagunga. Barabara haipo, mlima uko nyuma, maji yako mbele, na kipindupindu kimeingia. Chombo kilichokwenda na kurudi kuwaleta Kigoma kilikuwa Liemba, meli iliyoshushwa majini miaka 100 kabla. Mtoto aliyepona siku zile alipona pia kwa ajili ya kila fundi, mweusi na mweupe, aliyewahi kukaza nati katika chombo kile. Matunzo ya mashine ni roho za watu.

Yafaa sasa tueleze kazi yenyewe, maana siasa isiyojua kazi ni kelele. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilifundishwa mvuke kwa picha ya chaki ubaoni. Boila sikuonyeshwa hata moja. Nilipata alama nzuri katika mtihani, na kama ungenipa spana nisingejua niishike wapi. Baadaye nilikwenda kwa mafundi, nikauliza, nikasoma. Haya niliyoyapata nawapeni kwa lugha ya jikoni.

Boila ni sufuria iliyofungwa. Ndani yake mna maji, na moto hupita katika mabomba yaliyozungukwa na maji hayo. Kikombe kimoja cha maji kikigeuka kuwa mvuke katika hewa ya kawaida hutaka nafasi ya vikombe 1,600 hivi. Ukikizuia kisitanuke, hapo ndipo nguvu inapotoka. Mvuke hupelekwa kwa bomba hadi kwenye silinda, husukuma pistoni, pistoni huzungusha mhimili, na mhimili huzungusha rafadha iliyo nyuma ya meli. Katika injini kubwa za meli mvuke ule ule hufanya kazi mara tatu, katika silinda ndogo, ya kati, na kubwa, hata umechoka kabisa. Kisha hupozwa kwa maji ya ziwa, hugeuka tena kuwa maji, na pampu huyarudisha katika boila. Hakuna kitu kinachotupwa bure. Laiti mafungu yetu ya fedha yangesimamiwa namna hiyo!

Sheria ya kwanza ya boila ni maji. Kuna kioo kidogo cha kuonyesha kimo cha maji, na mtu wa zamu hana ruhusa ya kukisahau. Maji yakishuka chini ya paa la tanuru, bati la chuma hubaki uchi juu ya moto, huwa jekundu, hulegea, na mvuke hulisukuma likapasuka. Mjinga akishtuka akamwaga maji baridi juu ya chuma chekundu, ameongeza hatari. Fundi wa kweli huuondoa moto kwanza.

Sheria ya pili ni valvu ya usalama. Hiyo hufunguka yenyewe mvuke ukizidi kipimo. Huko nyuma walikuwako manahodha waliotaka kwenda mbio, wakaifunga valvu kwa uzito ili isipumue. Wengi wao hawakurudi kusimulia. Na sisi katika vikundi na vyama vyetu tunao manahodha wa namna hiyo. Mwanachama akisema, "Injini yalia vibaya," wao humwambia anyamaze. Kumnyamazisha mtu wa namna hiyo ni kuifunga valvu.

Sheria ya tatu ni usafi wa maji. Akina mama wa Singida hawahitaji mwalimu wa jambo hili. Chemsheni maji yetu ya chumvi katika birika mwezi mzima, kisha tazameni ndani. Mtaona ukoko mweupe, mgumu kama jiwe. Na boila hupata ukoko huo huo. Ukoko huzuia moto usiwafikie maji, kwa hiyo kuni nyingi zachomwa kwa kazi ndogo, na chuma chapata joto kupita kiasi. Dawa yake ni kuchagua maji, kuyatia dawa, kuyatoa matope chini ya boila kwa vipindi, na kuizima boila kwa zamu ili mtu aingie ndani akakwangue. Kazi hiyo ni chafu, ya giza na ya joto. Lakini asiyetaka kukwangua ukoko leo atazika watu kesho.

Sheria ya nne ni subira. Boila baridi haiwashwi kwa pupa. Moto huanza mdogo, saa nyingi, ili chuma chote kitanuke sawasawa. Na injini kabla ya kuzungushwa hupashwa moto kwa mvuke kidogo, na vibomba vya chini vya silinda hufunguliwa kutoa maji. Maji hayabanwi. Yakibaki ndani, pistoni itagonga na kifuniko cha silinda kitavunjika.

Sheria ya tano ni mafuta na daftari. Mpaka mafuta huzunguka injini yote, akigusa kila mahali penye msuguano kwa mgongo wa mkono kusikia kama pana joto. Kisha huandika: saa ngapi, mvuke kiasi gani, maji kiasi gani, nini kimebadilishwa. Zamu ikibadilika, anayeingia husoma alichoandika anayetoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Je, ndugu, mashine yetu ya alizeti ilikuwa na daftari? Lilikuwako daftari la wateja na fedha zao. La mafuta halikuwako.

Yuko atakayesema kuwa natia chumvi, kwamba mashine ikiharibika ni hasara ya fedha tu. Mtu huyo asome habari za Sultana. Hiyo ilikuwa stima ya mto Mississippi huko Marekani. Mwezi wa Aprili 1865 vita yao ya wenyewe kwa wenyewe ilipokwisha, askari waliofunguliwa kutoka vifungo walitaka kurudi kwao, na Serikali ililipa nauli kwa kila kichwa. Stima ile iliruhusiwa kupakia watu 376. Ilipakia zaidi ya 2,000. Boila yake moja ilikuwa imevimba bati. Fundi alitaka bati litengenezwe kama ipasavyo, lakini kazi hiyo ingechukua siku, na nauli ingekwenda kwa stima nyingine. Basi likabandikwa kiraka cha bati jembamba, safari ikaendelea. Tarehe 27 Aprili, usiku wa manane, karibu na mji wa Memphis, boila zililipuka. Walikufa watu zaidi ya 1,100. Walikuwa wamepona vitani na wamepona gerezani.

Nasi tusijione mbali. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya wananchi wenzetu wakafa. Ile haikuwa ajali ya boila, lakini watu waliopakiwa walizidi kipimo. Kila kipimo, kiwe cha mvuke au cha abiria, kimewekwa ili watu wafike salama.

Sasa nageukia maneno mawili ninayoyasikia kila siku, maana yote mawili yatuua.

Neno la kwanza ni la mkoloni: "Mwafrika hawezi mashine." Katika siku za ukoloni kazi za meli na reli zilipangwa kwa rangi, na mishahara vile vile. Mwafrika aliruhusiwa kubeba kuni, kuchochea tanuru, kupaka mafuta na kupaka rangi. Cheo cha injinia kilikaa juu, huko asikofika. Lakini nani aliyekuwa karibu na boila usiku na mchana? Nani aliyejua kwa sikio kuwa pampu imebadili sauti? Ni yule yule aliyeambiwa hawezi. Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 uliling'oa neno lile katika sheria. Haukuling'oa katika vichwa vya watu. Hata leo kijiko cha barabara kikikwama utasikia mtu mzima akisema, "Tusubiri mtaalamu kutoka nje." Tusubiri! Na kutu nayo yasubiri?

Neno la pili ni letu wenyewe, nalo ni baya zaidi: "Nunua mpya." Wabenzi walipenda neno hili tangu zamani, kwa sababu mpya ina utepe wa kukata, ina picha ya gazetini, na pengine ina asilimia kumi ya chini ya meza. Kubadili mafuta hakuna utepe. Kukwangua ukoko hakuna ngoma. Kwa hiyo fedha ya kununua yapatikana, fedha ya kutunza haipatikani. Mimi sipingi kitu kipya. Mwezi wa Februari 2023 meli mpya ilishushwa katika Ziwa Victoria pale Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6, ya kuchukua watu 1,200, nami nilifurahi kama kila mwananchi. Miaka hii ya 2020 umetiwa saini pia mkataba wa kuikarabati Liemba. Ni vema. Lakini mkataba hautii mafuta. Meli mpya isiyo na daftari ni chuma chakavu kinachongoja siku yake.

Msiniambie tena kuwa boila ni habari za babu. Viwanda vya sukari vya Kilombero na vya TPC Moshi huchoma makapi ya miwa kutoa mvuke. Viwanda vya chai vina boila, na hospitali kubwa zina boila. Huko Olkaria, Kenya, mvuke watoka ardhini kuzungusha mitambo ya umeme. Ndiyo sababu Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, hukagua boila. Kijana wa Mungaa anayejua sheria tano nilizozieleza hawezi kukosa kazi. Chuo cha Bahari kiko Dar es Salaam, na vyuo vya ufundi viko mikoani. Lakini kijana wetu apita mbele ya karakana, aona mwenzake amevaa ovaroli yenye mafuta, amcheka. Yeye ataka tai. Ndugu kijana, tai haijapata kuvuta meli hata moja.

Basi tufanye nini? Sitaki tupige makofi tutawanyike. Napendekeza mambo manne, na nitayasimamia katika mkutano ujao wa tawi.

Mosi, pasinunuliwe mashine yoyote ya kijiji, ya shule au ya kikundi, kabla ya kutengwa fungu la mafuta na vipuri la mwaka mzima. Asiye na fedha ya mafuta hana fedha ya mashine.

Pili, kila mashine iwe na mtu mmoja mwenye jina, wala si kamati. Kamati haishiki spana. Mtu huyo alipwe, naye awe na uwezo wa kusema, "Leo haiwashwi," hata mwenyekiti akikasirika.

Tatu, kila mashine iwe na daftari, nalo lisomwe mkutanoni mbele ya wanachama kama yanavyosomwa mahesabu ya fedha.

Nne, walimu tuwatoe watoto darasani tuwapeleke penye mashine. Hata pampu ya kisima yatosha. Mtoto aguse nati, anuse mafuta, asikie sauti ya mashine nzima na sauti ya mashine mgonjwa. Mimi nitaanza na darasa langu, na mashine ya kwanza tutakayoifungua ni ile ya alizeti. Kuku watafute mahali pengine pa kutagia.

Mzee wangu wa fimbo, umeniuliza Mungaa na stima wapi na wapi. Nakujibu hivi: wewe ng'ombe wako huwezi kulala kabla ya kujua kama amekunywa maji. Ukisikia amekohoa usiku waamka. Hukufundishwa hayo na Mzungu wala kwa mkataba. Utupe sisi vijana moyo huo huo, tuupeleke kwenye mashine. Tukiwa na moyo huo, mashine ya alizeti itadumu, kisima kitadumu, na meli za maziwa yetu zitadumu.

Uhuru ni mali, na mali hutunzwa. Tutie mafuta!